Mshono wa kifua ukipata maambukizi ya ndani baada ya upasuaji wa moyo: mwongozo kwa mama na mlezi

Umerudi nyumbani na mwanao baada ya upasuaji wa moyo. Ananyonya bila kutoka jasho, midomo imepata rangi yake, na majirani wanapita kutoa pole na kumshukuru Mungu pamoja nawe. Kisha, kama siku ya kumi hivi, unaona doa la majimaji kwenye fulana yake, au usiku anaanza kuchemka. Je, ni kidonda kinachopona au ni hatari?

Makala hii inaeleza tatizo ambalo haliwapati watoto wengi, lakini likitokea halisubiri: maambukizi yanayopita chini ya mshono na kufika kwenye mfupa wa kifua na eneo linalouzunguka moyo. Yanatibika. Yakicheleweshwa yanaweza kuua. Kinachofanya tofauti kubwa ni siku yaliyogunduliwa, na mara nyingi anayeyaona kwanza ni mama au mlezi.

Mpeleke hospitali leo, usisubiri tarehe ya kliniki, ukiona:

- Usaha au majimaji yenye harufu yanatoka kwenye mshono.
- Mshono umeachia, hata sehemu ndogo.
- Homa ya nyuzi joto 38 au zaidi. Kwa mtoto mchanga, hata mwili kuwa baridi chini ya nyuzi 35.5 ni dalili ya hatari.
- Mfupa wa kifua unacheza, au unatoa mlio wa "ka" mtoto anapokohoa, kugeuka au kulia.
- Maumivu ya kifua yanaongezeka badala ya kupungua.
- Mtoto amekataa kunyonya au kula, amelegea, au analala kupita kawaida yake.
- Anapumua haraka: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Hesabu kwa dakika nzima, akiwa ametulia.
- Damu inatoka kwenye mshono. Kandamiza kwa kitambaa safi na uende saa hiyohiyo.

Kifua hufunguliwaje na hufungwaje?

Katika upasuaji mwingi wa kufungua kifua, daktari hupasua ngozi katikati, kisha hukata mfupa wa kidari kwa urefu wake, kuanzia chini ya koo hadi karibu na chembe cha moyo. Akimaliza kurekebisha moyo, huunganisha mfupa kwa nyaya nyembamba za chuma kisichoshika kutu. Kwa watoto wadogo sana wakati mwingine hutumia nyuzi imara. Nyaya hizo hubaki ndani, na kwa watu wengi hazileti shida yoyote. Juu yake hushonwa nyama na ngozi.

Ngozi huonekana imefunga ndani ya wiki 2 au 3. Mfupa huchukua muda mrefu zaidi: kama wiki 6 hadi 8 kuungana, mapema kidogo kwa mtoto mdogo, na kama miezi 3 kurudisha nguvu zake. Kwa hiyo mshono unaweza kuonekana mzuri kwa nje wakati mfupa wa ndani bado ni mbichi.

Maambukizi ya juu na maambukizi ya ndani

Maambukizi ya juu hukaa kwenye ngozi na nyama iliyo juu ya mfupa. Mshono huwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, na pengine hutoa usaha kidogo. Mara nyingi haya hutibiwa kwa kusafisha kidonda na kwa antibiotiki.

Maambukizi ya ndani hufika kwenye mfupa wenyewe au nyuma yake, kwenye nafasi ambamo moyo umekaa. Haya ndiyo hatari. Mara nyingi hujitokeza ndani ya mwezi wa kwanza baada ya upasuaji, hasa kuanzia wiki ya pili, lakini yanaweza kuchelewa hata miezi 2 au 3. Hutokea kwa wagonjwa wachache, katika vituo vingi chini ya 5 kwa kila 100 wanaopasuliwa.

Kwa kuangalia nje tu huwezi kujua ni yapi. Hata mimi muuguzi siwezi. Tundu dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti linaweza kuwa mdomo wa usaha uliojaa nyuma ya mfupa. Ndiyo maana kila kidonda cha kifuani kinachotoa usaha lazima kionwe na timu ya moyo, au angalau timu hiyo ipigiwe simu siku hiyohiyo.

Kwa nini hutokea? Je, nimekosea wapi?

Hili ndilo swali ambalo akina mama huuliza kwa sauti ya chini. Jibu: mara nyingi hukukosea popote.

Bakteria wanaosababisha maambukizi haya mara nyingi ni wale wanaoishi kwenye ngozi na puani mwa watu wenye afya, hasa aina ya stafilokokasi. Wengine hupatikana katika mazingira ya hospitali. Hospitali huchukua hatua za kuwazuia: mtoto huogeshwa kabla ya upasuaji, ngozi husafishwa kwa dawa, na antibiotiki hutolewa ndani ya saa moja kabla ya kisu kugusa ngozi. Hata hivyo hatari haiishi kabisa.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtoto mchanga, mwenye utapiamlo, aliyepasuliwa kwa saa nyingi, aliyerudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili, aliyekaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia, au ambaye kifua chake kiliachwa wazi siku chache kwa sababu moyo ulikuwa umevimba. Kwa watu wazima, kisukari kisichodhibitiwa, unene uliozidi na uvutaji wa sigara huongeza hatari.

Nasema haya kwa sababu kuna mama huchelewa kurudi hospitali kwa kuogopa kulaumiwa. Rudi. Mtu akikusemea vibaya, mwache aseme, mtoto atibiwe kwanza.

Yapi ni ya kawaida?

Haya kwa kawaida hayana tatizo, ilimradi yanapungua siku hadi siku:

- Kuwashwa kwenye mshono.
- Wekundu mwembamba kando ya mshono, usioenea na usio wa moto.
- Kigaga kikavu.
- Uvimbe mdogo juu kabisa ya mshono, karibu na koo, usio na maumivu.
- Maumivu kidogo mtoto anapokohoa au kucheka katika wiki za mwanzo.

Kama una simu yenye kamera, piga picha ya mshono kila siku, saa ileile na mahali palepale penye mwanga. Ukilinganisha picha ya leo na ya juzi utaona mabadiliko ambayo jicho limeyazoea. Picha hizo pia zitamsaidia daktari aliye mbali.

Ukiona dalili: hatua za kuchukua nyumbani

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.
2. Pima joto kabla ya kumpa parasetamoli, uandike na saa. Dawa ikishashusha homa, daktari hataiona.
3. Funika kidonda kwa gozi safi. Kama huna, tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kikakauka na kupigwa pasi.
4. Piga namba ya wodi au kliniki iliyoandikwa kwenye fomu ya kuruhusiwa.
5. Chukua fomu hiyo, dawa zote anazotumia na kadi ya bima kama ipo. Kaa tayari kulala huko.
6. Endelea kumnyonyesha. Kumbuka saa aliyokula au kunyonya mara ya mwisho, kwa sababu utaulizwa kama atahitaji dawa ya usingizi.

Mambo ya kuepuka:

- Usipake asali, majivu, dawa ya meno, mafuta ya nazi, spiriti, wala unga wa vidonge vya antibiotiki.
- Usikamue usaha.
- Usinunue antibiotiki dukani wala kutumia zilizobaki. Zinaweza kutuliza dalili kwa siku chache huku mfupa ukiendelea kuliwa ndani, na zinaweza kufanya kipimo cha kuotesha vijidudu kisionyeshe kitu.

Hapa Tanzania, watoto wengi hupasuliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kisha hurudi mikoani, safari ya siku nzima au zaidi. Kama uko mbali, anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa iliyo karibu, lakini sema wazi mlangoni: "Mtoto huyu alipasuliwa moyo tarehe fulani, mshono unatoa usaha." Usikubali kuondoka na dawa ya kumeza peke yake kabla hawajawasiliana na hospitali iliyompasua. Kuomba hivyo si ujeuri, ni haki ya mtoto. Kama hali ni mbaya, wataanza matibabu hapohapo na kuandika rufaa.

Nauli ikikosekana, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mtendaji wa kijiji au mtaa, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ni bora kuomba leo kuliko kusubiri mwisho wa mwezi.

Vipimo utakavyoviona

Daktari ataangalia kidonda na kukandamiza kifua polepole kuona kama mfupa unacheza. Damu itachukuliwa kupima wingi wa chembe nyeupe na dalili za uvimbe mwilini, na nyingine itapelekwa maabara kuoteshwa ili kujua kama bakteria wameingia kwenye damu. Usaha au kipande cha nyama ya ndani pia huoteshwa.

Mtoto anaweza kupigwa eksirei au CT-scan ili kuona kama kuna usaha nyuma ya mfupa. Kipimo cha moyo cha eko huonyesha kama kuna maji yamezunguka moyo, au kama maambukizi yamegusa vali. Kuotesha huchukua kama siku 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi. Matibabu hayasubiri majibu hayo.

Matibabu hufanywaje?

Akina mama wengi huuliza kwa nini sindano peke yake hazitoshi. Fikiria mambo matatu. Mfupa uliokatwa hupata damu kidogo, na dawa husafiri na damu. Nyama iliyokufa haipati damu kabisa, hivyo bakteria hujificha humo. Tena bakteria hujishikiza kwenye nyaya za chuma na kujitengenezea utando ambao dawa hupenya kwa shida. Kwa hiyo maambukizi ya ndani huhitaji vyote viwili: dawa na mkono wa daktari wa upasuaji.

*Antibiotiki ya mshipani.* Huanza mara moja, na mwanzoni huwa dawa zinazoua aina nyingi za bakteria. Majibu ya kuotesha yakitoka, hubadilishwa kuwa ile inayomfaa bakteria aliyepatikana. Usishangae dawa ikibadilishwa siku ya tatu. Si kwamba walikosea. Mfupa ukiwa umeathirika, dawa huendelea mara nyingi kwa wiki 4 hadi 6.

*Kusafisha kidonda.* Mtoto hupelekwa chumba cha upasuaji na kupewa dawa ya usingizi. Kidonda hufunguliwa, usaha hutolewa, nyama na mfupa uliokufa huondolewa, nyaya zilizoathirika hutolewa, na ndani huoshwa vizuri. Huenda ikarudiwa zaidi ya mara moja.

*Kufunga.* Kukiwa safi, na hasa kama tatizo limewahiwa, daktari anaweza kuufunga mfupa siku hiyohiyo na kuacha mirija ya kutoa majimaji. Wakati mwingine mirija hiyo hutumika pia kuosha ndani kwa siku kadhaa.

*Mashine ya kunyonya.* Kama bado si salama kufunga, sponji maalumu hukatwa kwa ukubwa wa kidonda na kuwekwa ndani, kisha hufunikwa kwa plasta isiyopitisha hewa. Mrija huiunganisha na mashine inayonyonya polepole muda wote. Hutoa majimaji, hupunguza uvimbe na kusaidia nyama mpya kuota. Sponji hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3, na mtoto hupewa dawa ya maumivu au ya usingizi kwanza.

*Kuziba kwa msuli.* Kama mfupa mwingi umepotea, daktari huweza kusogeza msuli wa kifuani wa mtoto mwenyewe, au utando wa mafuta wa tumboni, kujaza nafasi. Msuli huja na damu yake, na damu huleta dawa na uponyaji. Watoto wengi huendelea kutumia mikono yao vizuri baadaye.

Kazi yako wodini

Kukaa wiki kadhaa hospitali kunachosha, hasa ukiwa umeacha watoto wengine nyumbani. Lakini upo pale kwa kazi halisi:

- Nawa mikono kabla na baada ya kumgusa. Una haki ya kumkumbusha daktari au muuguzi kunawa pia.
- Mashine ya kunyonya ikilia au mrija ukichomoka, ita muuguzi. Usiizime.
- Ukiona damu nyekundu inatiririka kwenye mrija, piga kelele hapohapo.
- Mwambie muuguzi mtoto akiwa na maumivu. Mwenye maumivu hapumui vizuri, hakohoi, na makohozi hukwama.
- Mlishe. Nyama mpya hujengwa kwa chakula: maziwa ya mama, mayai, dagaa, maharage, uji wenye karanga au maziwa. Fuata kwanza maelekezo kama ana mlo maalumu au kiasi cha maji kilichopimwa.
- Uliza kila asubuhi: joto lilikuwaje, majibu ya kuotesha yametoka, tunasubiri nini?

Gharama zikikushinda, usitoroke na mtoto usiku. Omba kuonana na ustawi wa jamii mapema, kabla bili haijawa kubwa.

Kama anatumia dawa nyingine

Mtoto aliyewekewa vali ya chuma hutumia warfarini ili damu isigande. Antibiotiki kadhaa huongeza au hupunguza nguvu ya warfarini. Hakikisha kila anayemtibu anajua, na kwamba kipimo cha damu kinarudiwa mara kwa mara wakati wa matibabu na baada ya kuacha antibiotiki. Fizi zikitoa damu, au ukiona michubuko bila sababu, sema.

Mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi huchomwa penisilini kila wiki 3 au 4. Uliza sindano inayofuata ni lini, isije ikasahaulika kwa kuwa amelazwa. Kama anatumia pia warfarini, mkumbushe anayechoma.

Mkirudi nyumbani

- Maliza dawa zote, hata kama anacheza kama zamani. Dawa ikikatizwa, bakteria waliobaki huweza kuwa sugu.
- Mnyanyue kwa mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya shingo na mgongo. Usimnyanyue kwa kumshika makwapani wala kumvuta mikono, hadi utakaporuhusiwa.
- Usimbebe mgongoni kwa kanga mpaka daktari akubali. Kifua hubanwa kwenye mgongo wako.
- Mkubwa asibebe ndoo ya maji wala begi zito, asipande miti, baiskeli wala kucheza mpira hadi aruhusiwe. Waandikie walimu wake barua.
- Weka mshono mkavu kama ulivyoelekezwa. Ukiruhusiwa kumwogesha, tumia maji safi na sabuni ya kawaida, kausha kwa kugusagusa, bila poda wala mafuta.
- Piga mswaki mara mbili kwa siku. Bakteria wa meno mabovu huweza kuingia kwenye damu na kushambulia vali.
- Rudi kliniki tarehe uliyopangiwa. Maambukizi huweza kurudi miezi kadhaa baadaye kama kitundu kidogo kinachotoa majimaji juu ya kovu.

Maswali tunayoulizwa

*Je, moyo uliorekebishwa umeharibika?* Si lazima. Mara nyingi maambukizi yako kwenye mfupa na nafasi ya nje ya moyo. Eko itaonyesha kama ndani kuna shida.

*Je, atawaambukiza wenzake?* Anaweza kucheza na kula na ndugu zake. Usaha ndio wenye bakteria, hivyo nawa mikono na utupe gozi zilizotumika ndani ya mfuko uliofungwa.

*Kuondolewa nyaya, mfupa hautaachia?* Daktari huangalia kama mfupa umeshika. Kama bado, ataweka nyaya mpya kidonda kikiwa safi, au ataziba kwa msuli.

*Simu ya wodi haipokelewi, nifanye nini?* Usikae kuipiga mpaka jioni. Ondoka, uende hospitali iliyo karibu, na uwaombe wao waendelee kupiga.

Andika leo, kabla hujahitaji: tarehe ya upasuaji, aina ya upasuaji, dawa na vipimo vyake, namba ya simu ya wodi. Bandika karatasi hiyo mahali kila mtu nyumbani anapoiona, kwa sababu siku homa ikipanda huenda wewe hupo, na atakayembeba mtoto ni bibi au dada yake.